BEGI LA STENDI ZA MAIKI LILIVYOTAKA KUMTENGANISHA DADA NA MDOGO WAKE

Ukimuona jukwaani, gauni linang'aa, kope ndefu, nywele zimelala vizuri, huwezi kudhani kwamba saa tatu nyuma alikuwa kwenye geti la pantoni pale Kivukoni, anahema kama kakimbizwa na mbwa, begi refu jeusi limemlalia bega na jasho limeshaondoka na nusu ya mekapu. Picha zinazopostiwa ni za jukwaani. Za kwenye pantoni hakuna anayepiga.

Ni mwimbaji wa bendi ndogo ya sherehe hapa Dar, jina kapuni. Sendofu yumo, kipaimara yumo, harusi za ufukweni ndiyo usiseme. Bendi ina watu watano, halafu kuna wa sita ambaye hatajwi MC anapotambulisha wasanii. Huyo ni mdogo wake wa kiume, miaka 19, kamaliza kidato cha nne na bado anatafuta cha kufanya. Kazi yake haina jina. Anabeba, anafunga, anafungua, anakunja nyaya, anafika nyumbani Manzese saa tisa usiku. Malipo yake? Chipsi kuku na nauli. Si ni mdogo wake bwana.

Sasa bendi hii ina stendi sita za maiki. Tano ni za miguu mitatu, zile zenye mkono wa juu unaoinama mbele. Ya sita ni ya dada mwenyewe, ina kitako cha chuma cha duara. Hiyo anaipenda kwa sababu moja tu: gauni refu halinasi kwenye miguu ya stendi. Ukishaona mwimbaji anatembea na stendi imeng'ang'ania pindo la gauni mbele ya wageni mia tatu, utamuelewa.

Mwanzoni zote zilisafiri ndani ya kiroba cha mchele. Zinakunjwa, zinatumbukizwa, juu zinafungwa na mpira wa baiskeli, bodaboda anaondoka. Kwa macho hakuna tatizo, chuma ni chuma, kitavunjikaje? Kumbe stendi haivunjiki kwa siku moja, inakufa kidogo kidogo. Kila tuta la barabarani chuma kinagonga chuma. Rangi inabanduka, kutu inaingia. Vile vifungio vya kukaza kwa mkono vinalegea vyenyewe njiani, kimoja kinadondokea chini ya kiroba, kingine kinatokea kwenye tundu na kupotelea barabarani. Vishikio vya maiki ni plastiki, vinapasuka kimya kimya.

Siku ya kuumbuka ilifika kwenye sendofu moja Sinza. Bi harusi mtarajiwa anaingia, taa zimezimwa, dada anaanza wimbo wa taratibu. Mkono wa stendi ukaanza kushuka. Pole pole, kama mtu anayesinzia kwenye daladala. Dada naye akawa anaufuata, anainama, anainama, mpaka akawa anaimba kama anatafuta hereni iliyodondoka chini. Kumbe kifungio kimeshaliwa meno, hakishiki. Watu walicheka, simu zikatolewa, na kesho yake kipande cha video kilikuwa kwenye status za watu ambao hata hawakualikwa.

Hapo ndipo akaapa: lazima linunuliwe begi la maana.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea, siyo yeye peke yake. Alienda Kariakoo na jicho la mtu aliyeaibika. Alitaka begi ambalo mtu akiliona atasema hii ni bendi kubwa. Akalipata: jeusi tii, refu, zipu ya fedha, vyumba sita ndani, kila stendi na chumba chake. Stendi zote kwenye begi moja! Akapiga picha, akaposti, comments zikamiminika. Kitu pekee ambacho hakufanya pale dukani ni kulivaa begegani likiwa limejaa. Begi tupu ni jepesi siku zote.

Mdogo wake ndiye aliyelivaa. Wiki ya kwanza alinyamaza. Wiki ya pili akasema, "Dada, hili begi linavuta upande mmoja." Kweli lilikuwa linavuta, maana kile kitako cha chuma kilikaa mwisho wa begi, upande mmoja mzito kama jiwe na mwingine mwepesi. Mkanda nao ulikuwa mmoja, mwembamba, wa naironi inayoteleza. Kwenye mwendokasi watu wanamzomea kwa sababu begi linawagonga magoti. Kwenye bodaboda ukiliweka kwa upana linatoka nje pande zote mbili, na mtu akipita karibu ni balaa. Wiki ya tatu akasema tena, safari hii mbele ya wenzake. Dada akamjibu kwa mkato: "We si mwanaume? Kaza."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

Jumamosi ya harusi ya ufukweni Kigamboni, saa sita mchana, meseji ikaingia: "Dada leo sibebi. Bega limekufa ganzi. Samahani." Simu akapigiwa, haipatikani. Mama kaulizwa, kasema mtoto katoka asubuhi. Wanamuziki wengine walishatangulia na spika kwenye gari la kukodi. Nyumbani zimebaki stendi sita, begi moja na mwimbaji aliyesuka nywele kwa saa nne.

Akalibeba. Hakuwa na namna.

Mwendokasi kutoka Manzese mpaka Kivukoni alisimama njia nzima, begi kalisimamisha mbele yake kama mtu wa pili. Kila breki inapokanyagwa, begi linataka kumwangukia mzee aliyekaa. Pale kwenye pantoni ndiyo kasheshe. Geti likifunguliwa unajua mwenyewe, watu hawatembei, wanamiminika. Yeye katikati na chuma cha urefu wa mita moja na zaidi begani. Akamgonga mama mmoja na ndoo ya samaki, akatukanwa. Akageuka kuomba radhi, akamgonga mwingine kwa upande wa pili. Mzee mmoja akamwambia kwa upole, "Mwanangu, huo mzigo ni wa watu wawili." Kabla hajajibu, ushonaji wa mkanda ukaachia. Begi likaanguka kwenye ule mteremko wa chuma wa kuingilia, likapiga kelele ambayo hata nahodha bila shaka aliisikia. Kitako cha duara kikatoboa kitambaa na kuchungulia nje.

Harusi alifika amechelewa. Aliimba, watu walicheza, hela ililipwa. Lakini kwenye ule wimbo ambao huwa anapandisha mkono juu mwishoni, mkono haukupanda. Bega lilikuwa linatetemeka. Na hapo ni safari moja tu. Mdogo wake alikuwa amesafiri nalo miezi miwili.

Usiku ule aliporudi alimkuta dogo amekaa barazani, fulana kavua kwa joto. Kwa taa ya nje akaona alama: mstari mwekundu unaoelekea kuwa mweusi, kutoka shingoni mpaka chini ya bega, upana uleule wa mkanda wa begi. Alimuona mdogo wake kila siku, ila ile alama hakuwahi kuiona. Hakusema maneno mengi. Alikaa pembeni yake, akafunua bega lake mwenyewe. Lilikuwa na mstari kama ule, mpya. "Nisamehe," akasema. Dogo akajibu, "Umelipitisha wapi hilo begi dada, pantoni? Pole." Wakacheka, halafu wakanyamaza muda mrefu.

Kesho yake walilipeleka begi kwa Mangi wa nafaka, likawekwa kwenye mzani. Kilo 23. Mashirika mengi ya ndege hizo ndizo kilo wanazokuruhusu kwa begi zima la safari, na begi hilo lina magurudumu. Hili lilikuwa na bega la mtoto wa miaka 19.

Kwenye bendi kikakaa kikao. Mpiga gitaa akataka boksi gumu la mbao lenye kona za alumini na magurudumu, kama wanayotumia bendi kubwa. Siyo wazo baya. Kama una gari lako, hata kirikuu, na mizigo inapangwa juu ya mizigo, boksi gumu ndiyo mwisho wa maneno, maana begi laini likikandamizwa na spika stendi zinapinda. Shida ni kwamba boksi lenyewe likiwa tupu tayari ni mzigo, na magurudumu yanapenda sakafu ya ukumbini na uwanja wa ndege. Kwenye mchanga wa Kigamboni na vichochoro vya Manzese yanageuka mapambo. Wao hawana gari. Basi, boksi likaahirishwa.

Aliyemaliza ubishi ni dogo. Alisema kuna fundi makochi Keko anashona turubai. Wakabeba stendi zenyewe, siyo picha ya stendi, wakampelekea. Yule fundi alifanya kitu ambacho muuzaji wa Kariakoo hakukifanya. Aliuliza, "Nani anabeba?" Dogo akanyoosha mkono. Fundi akachukua futi kamba, akapima stendi ikiwa imekunjwa na mkono wake umelazwa, halafu akampima dogo kutoka begani mpaka kiunoni.

Mabegi yakawa mawili. Moja la stendi tatu, lingine la stendi mbili pamoja na mti wa ile ya duara uliofunguliwa kutoka kwenye kitako. Kila moja halifiki kilo 11. Ndani kuna kuta za sponji jembamba ili chuma kisiguse chuma, na kitambaa cha ndani ni cha njano, kwa hiyo kifungio cheusi kikidondoka unakiona hapohapo. Miisho yote miwili imewekwa sponji nene na kuzungushiwa ngozi ya makochi, kwa sababu begi la stendi huanza kutoboka mwishoni siku zote, pale miguu inapogota. Zipu ni ya meno makubwa na inafunguka urefu wote, siyo kuchomoa stendi kama panga kwenye ala. Mkanda ni mpana, una sponji begani, na haukushonewa ubavuni tu. Umepita chini ya tumbo la begi ukalizunguka, kwa hiyo uzito unabebwa na mkanda wenyewe badala ya uzi. Katikati kuna vishikio vya mkono, pale begi linapokaa sawa bila kuvuta upande. Kimfuko kidogo cha pembeni ni cha vishikio vya maiki na zile nati za kubadilishia, maana siyo vishikio vyote vya maiki vina uzi wa skrubu unaolingana na stendi.

Dogo akaongeza sheria zake, na safari hii alisikilizwa. Ufukweni, kila stendi inafutwa na tambara kabla haijakunjwa. Mchanga ukiingia kwenye bomba unakwaruza na stendi inagoma kushuka, na hewa ya chumvi inaleta kutu haraka. Begi halifungwi na unyevu ndani. Kabla ya kuondoka ukumbini vifungio vyote vinakazwa na stendi zinahesabiwa kwa sauti, moja mpaka sita.

Jambo la mwisho lilikuwa la hela. Dogo sasa ana fungu lake kwenye malipo ya kila shoo, dogo kuliko la wengine lakini lina jina. Na MC anapotambulisha bendi, anamtaja: fundi jukwaa.

Na kile kitako cha duara? Kimeshonewa mfuko wake peke yake, mdogo, una kishikio kimoja. Wiki iliyopita walionekana kwenye foleni ya pantoni, dada na mdogo wake. Mpiga gitaa nyuma yao alikuwa na begi la pili. Dogo alijaribu kumpokea dada ule mfuko mdogo, akakataliwa.

"Acha," dada akamwambia. "Gauni ni langu, kitako changu."

Wewe mwenye bendi, kwaya au MC unayetembea na vyombo: mara ya mwisho kumuangalia bega anayekubebea ilikuwa lini? Funguka.