Waya ulikuwa mzima

Nimepotea wiki nzima. Siumwi wala sijadisko. Nilikuwa nimegombana na mshikaji ninayekaa naye chumba kimoja, na chanzo ni milisekunde 5. Msicheke.

Iko hivi. Projekti yetu ya mwaka wa mwisho ni ya sauti. Tumeazima sampla ya zamani, ile yenye tundu la duara la MIDI, pini 5. Tukarekodi ngoma nne, kila moja tukakata kipande cha milisekunde 5. Ukikirudia kipande hicho mara 200 kwa sekunde, sikio halisikii tena ngoma, linasikia noti moja ndefu inavuma. Kompyuta ndiyo ilikuwa inatuma amri kila mara: piga, acha, piga, acha.

Ngoma moja ikaenda vizuri. Zote nne kwa pamoja, sauti ikaanza kukwaruza na kukohoa. Waya aliuchomea yeye. Basi bwana, nikamwambia mbele ya watu kwamba kazi yake ni ya ovyo. Hakunijibu. Akachukua shuka lake akaenda kulala chumba cha jirani.

Usiku usingizi haukuja, nikashika kalamu. MIDI, tangu ilipotoka mwaka 1983, inapitisha kwenye waya huo biti 31,250 kwa sekunde. Kila baiti inasafiri kwa biti 10: nane za ujumbe, moja ya kuanza, moja ya kumaliza. Hiyo ni milisekunde 0.32. Amri ya kupiga ni baiti 3, ya kuacha 3, jumla milisekunde 1.92. Ngoma nne je? 7.68. Na mimi nafasi niliyotoa ni 5! Amri zinapita moja moja, zinapanga foleni kama sisi siku ya kusaini bumu. Nikajaribu ujanja wa kutorudia baiti ya mwanzo, na kuacha noti kwa kuipiga kwa nguvu sifuri. Nikapata 5.12. Bado haiingii.

Waya ulikuwa mzima jamani. Mbovu ilikuwa hesabu, na hesabu ni yangu.

Dawa ni kuiachia sampla yenyewe kazi ya kurudia. Inasoma sampuli 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo kipande chetu ni kama sampuli 220 tu, inakizungusha humo ndani bila kuuliza mtu. MIDI inabaki kusema anza, na mwishoni acha.

Asubuhi nikampelekea chai na chapati mbili, pamoja na karatasi yangu. Akala kwanza. Kisha akasoma, akasema, "Hapa kwenye 5.12 umesahau baiti ya mwanzo kabisa, ile lazima itumwe mara moja." Kweli bwana, nilisahau.

Shuka limerudi. Ila nilimdhalilisha mbele ya watu, na wengi wa watu hao ndio nyie mnaosoma hapa. Basi mbele yenu nasema: kaka, nisamehe.

Haya, alamsiki.