Mali Bila Daftari

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kusimama kwenye dirisha la ofisi ukingoja risiti, karani akakuambia kwa upole, "Mtandao unasumbua." Mara nyingi mtandao husingiziwa. Mwenye kukuchelewesha ni kompyuta ya chumba cha nyuma, ile inayowahudumia makarani wote, nayo huitwa seva. Mojawapo ya dawa za uzito wake ni faili linalokaa kumbukumbuni badala ya diskini. Mafundi hulizungumza jambo hili wao kwa wao. Leo yafaa tulizungumze na sisi, kwa sababu linagusa haki ya mkulima na mfanyakazi.

Seva ina mahali pawili pa kuweka maandishi. Diski ni ghala: hutunza kilichomo hata umeme ukizimika. Kumbukumbu ni meza ya karani: kila kitu ki karibu na mkono, lakini umeme ukikatika, vyote vilivyokuwa mezani hutoweka. Kumbukumbu hujibu kwa muda wa kama sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Diski yenye sahani inayozunguka huweza kuchukua sehemu moja ya mia ya sekunde. Tukikuza muda ule wa kwanza uwe sekunde moja, wa pili utapita saa 27. Ni sawa na mtu wa Mbinga mjini anayenyoosha mkono kuchukua kalamu mezani, na mwenzake anayeifuata kalamu hiyo Mbamba Bay kwa miguu, kilomita 66 za milima na mabonde hadi ziwani. Diski za kisasa zisizo na sahani zimeifupisha sana safari hiyo, lakini ni safari bado.

Sasa, seva nyingi hufanya safari hizo bila sababu. Ili kuchapa risiti, programu moja huandika faili, nyingine hulisoma na kulipeleka kwenye mashine ya kuchapa, kisha faili hufutwa. Karatasi ya nusu dakika imepelekwa ghalani! Ni kweli kwamba mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia kompyuta, hujaribu kuyashika maandishi kumbukumbuni kwanza. Hata hivyo, mwishowe huyapeleka diskini, na kazi zikisongamana, foleni huanzia huko.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani iliivika sehemu ya kumbukumbu sura ya folda ya kawaida, programu zikaweza kuandika humo bila kujua tofauti. Mfumo wa Linux ulifuata njia hiyo mwaka 2001. Mwaka 2014 ukaongeza faili la kumbukumbuni lisilohitaji folda, ambalo programu huweza kumkabidhi mwenzake, na hata kulipiga muhuri ili lisibadilishwe tena. FreeBSD nayo ikaipokea njia hiyo mwaka 2021. Windows ina desturi yake: programu hulitia faili alama ya kuwa ni la muda, na mfumo hujitahidi kutolipeleka diskini maadamu kumbukumbu inatosha. Kwa hiyo mtunzi wa programu asipigilie msumari njia ya mfumo mmoja. Programu yake na iulize kwanza imefika nyumba ya nani. Isipopata faili la kumbukumbuni, itumie la kawaida. Itakwenda polepole, lakini kazi haitasimama.

Mimi huitwa mara kwa mara kutazama kompyuta za maghala ya kahawa huku kwetu milimani. Katika ghala moja, ambalo sitalitaja, fundi wa kutoka mbali alihamishia mafaili ya risiti kumbukumbuni. Foleni iliyokuwa ikifika barabarani ikawa inaisha kabla ya adhuhuri. Watu walimsifu, na walikuwa na haki. Lakini sifa zilimlevya. Akaihamishia huko hata orodha ya mizani yenyewe, inayoonyesha nani ameleta kilo ngapi. Alasiri moja umeme ukakatika. Uliporudi, risiti zilichapwa upesi kama kawaida, lakini orodha ya siku nzima haikuwapo.

Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, mashine imesahau, lakini gunia lile nililibeba mimi mgongoni." Sikuwa na jibu isipokuwa kumwomba uvumilivu. Aliyetuokoa ni karani wa mizani, ambaye hakuacha kuandika kwenye kitabu chenye karatasi ya kaboni. Kazi ya kuinakili upya ilituchukua usiku mbili. Bila kitabu kile, ada za shule na mbolea za kaya nyingi zingebaki kuwa maneno matupu ya mkulima mbele ya mashine.

Wavuvi wa Liuli na Lituhi wangemfundisha fundi yule bila kugusa kompyuta. Ndani ya mtumbwi huweka nyavu na kasia, vitu vinavyotakiwa upesi. Akiba ya nyumba hubaki nchi kavu, kwa sababu upepo wa mwera ukivuma Ziwa Nyasa haubagui kilichomo mtumbwini. Risiti inayoweza kuchapwa tena ni ya mtumbwini. Kilo za mkulima, dawa aliyopewa mgonjwa na akiba ya mwanachama ni za nchi kavu.

Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Basi, ndugu msomaji, chama chenu cha akiba au cha ushirika kitakapowaletea mtaalamu wa kuharakisha mashine, msimkatae, maana kasi ni haki yenu pia. Muulizeni mkutanoni, mbele ya wote: karani anapotuambia "tayari", hesabu yetu imekwisha fika diskini, au ingali mezani? Asipoweza kujibu kwa maneno mnayoyaelewa, kitabu cha kaboni kisiondolewe dirishani.