Soda, Ushuru na Mfuko wa Nyumbani

Kila mwaka mwezi wa Juni, Bajeti ya Serikali inaposomwa Dodoma, watu wa mtaani kwetu Temeke husikiliza habari za petroli, sigara, bia na soda. Wengine hulalamika, wengine hucheka. Mimi hupenda kuuliza: je, ushuru wa soda huwafikia watu wote sawasawa?

Yafaa tuanze na hesabu. Mwaka 2017 ushuru wa bidhaa kwa soda ulipandishwa kutoka shilingi 58 hadi shilingi 61 kwa lita. Basi chupa ya mililita 350 iliongezewa shilingi moja hivi tu. Nani atakayeacha soda kwa shilingi moja, ambayo hata mwenye duka hana chenji yake? Nyongeza ya namna hiyo huingiza fedha katika Hazina, lakini haibadilishi kinywaji cha mtu, awe wa Mbezi Beach au wa Tandika.

Ushuru ukiwa mzito, mambo huwa mengine. Nchi ya Meksiko ilianza Januari 1, 2014 kutoza peso moja kwa kila lita, yaani karibu asilimia 10 ya bei. Wataalamu walipopima manunuzi ya nyumba mbalimbali, waliona kwamba kufikia Desemba mwaka huo yalikuwa chini kwa asilimia 12 kuliko yalivyotazamiwa. Katika nyumba maskini yalikuwa chini kwa asilimia 17. Afrika ya Kusini ilifuata Aprili 2018, nayo hutoza kwa gramu za sukari. Huko nako upungufu ulionekana zaidi katika nyumba zenye kipato kidogo.

Wapo wasemao kuwa huo ni uonevu kwa maskini. Hoja yao ina uzito, lakini ugonjwa nao huonea. Bibi yangu ana kisukari, nami naona jinsi nauli ya kliniki na bei ya dawa zinavyokula fedha za nyumba nzima. Chupa moja ya soda ya kawaida huwa na sukari ya vijiko vya chai kama 9, na haba na haba hujaza kibaba.

Hata hivyo ushuru peke yake hautoshi. Nyumbani kwetu soda si kinywaji cha kiu. Ni heshima ya mgeni. Bei ikipanda, mgeni atapewa soda yake vilevile, na pesa zitatoka katika fungu la mboga. Nasi watoto tukikosa soda, tutakunywa maji ya ukwaju au ya ubuyu ambayo sukari yake hutiwa kwa kikombe, wala ushuru huo haufiki jikoni. Mwenye uwezo hununua maji ya chupa. Asiye na uwezo hana budi kutafuta mkaa wa kuchemshia maji.

Basi maoni yangu ni haya. Ushuru ufuate sukari, si lita. Uwe wa kiasi kinachohisiwa. Na fedha zake zilete mabomba ya maji safi shuleni na mitaani. Nasi wanafunzi tuwashawishi wazee wetu kwamba mgeni aweza kukaribishwa kwa maji baridi na tunda, na heshima yake isipungue hata kidogo.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne