Kuokota Makopo

Mama alikuta chupa 43 za maji chini ya kitanda changu. Hakuuliza zimetoka wapi. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaishika moja kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika mjusi, akasema taratibu, "Mwanangu, niambie ukweli. Unajisikiaje?"

Kwetu Dar es Salaam, mtu akisemwa kwamba anaokota makopo, hakuna anayeuliza ni makopo ya nini. Maana yake akili imehama. Nilikuwa nimemaliza chuo miaka miwili nyuma, nimetuma barua za kuomba kazi mpaka nimeacha kuzihesabu, na siku nyingine nilikuwa naamka saa nne kwa sababu sikuona cha kuamkia. Kila mtaa una hadithi ya kijana aliyesoma sana akaishia kuokota makopo, na kila mama anaijua.

"Ni za watoto, mama," nilimwambia. "Za Jumamosi."

Akaitazama tena ile chupa. "Chupa tupu za watoto," alisema, kisha akatoka bila kufunga mlango.

Kikundi chenyewe kilianza bila mpango. Jirani aliniomba nimfundishe mwanawe Kiingereza wakati wa likizo. Mtoto akaja na rafiki, rafiki akaja na ndugu zake, na kufikia mwezi wa pili walikuwa 22, wamekaa kwenye baraza la ofisi ya serikali ya mtaa, Mbagala, wengine juu ya mkeka, wengine juu ya tofali. Kiingereza kiliwachosha mapema. Nikaamua saa moja iwe ya vitabu na inayofuata iwe ya kazi za mikono.

Bajeti sikuwa nayo, kwa hiyo niliingia mtandaoni. Huko kazi za mikono kwa watoto ni nyingi kama mchanga, na nyingi zinajisifu kwamba hazina gharama. Unachohitaji, wanasema, ni vile vitu ambavyo nyumbani havina kazi: bomba la ndani la karatasi ya chooni, trei ya mayai, boksi la nafaka za kifungua kinywa, soksi iliyopoteza mwenzake. Niliandika orodha ubaoni, nikawaambia watoto, "Jumamosi ijayo kila mmoja alete takataka za kwao."

Jumamosi ikafika. Trei ya mayai ilikuja moja. Msichana aliyeileta alinionya kwamba inatakiwa irudi dukani kabla ya saa sita, maana mama yake anauza mayai ya kuchemsha na hawezi kwenda kununua mengine bila trei. Bomba la karatasi ya chooni hakuna aliyeleta. Chooni kwao ni maji na kopo. Boksi la nafaka hakuna aliyelijua. Soksi zilikuja mbili, zote zimeshageuzwa mpira. Sisi enzi zetu tulisuka mipira kwa mifuko ya rambo. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini kuanzia Juni 1, 2019, wadogo zetu wakahamia kwenye soksi na matambara, chandimu ikaendelea kama kawaida. Mtoto mmoja alileta kopo la siagi huku amelikumbatia. Shangazi yake analitumia kupimia mchele dukani, alisema. Amelileta nilione tu.

Hapo ndipo nilipaswa kuelewa. Badala yake nilifikiri tatizo ni orodha, nikaifupisha ibaki na kitu kimoja. Chupa za maji zimejaa kwenye mitaro yetu, nani atakosa? Kila mmoja alete tano.

Wengi walileta mbili au tatu. Mvulana mmoja wa darasa la nne alikuja na kiroba kizima kichwani.

Ni mtoto ambaye kwenye Kiingereza alikuwa anajificha nyuma ya mgongo wa mwenzake. Siku hiyo alikitua kiroba katikati ya baraza, wenzake wakapiga makofi. Na tulipoanza kazi, nilikuta kwamba anajua kuliko mimi. Nilitaka tuanze na gari la boksi la juisi. Unabandika mirija miwili chini ya boksi, unapitisha kijiti cha mshikaki ndani ya kila mrija, halafu unachomeka kizibo cha chupa kila ncha. Mrija ndio unaoruhusu kijiti kizunguke. Ukikibandika kijiti chenyewe kwenye boksi, matairi yanagoma. Kazi ngumu ni tundu la kizibo, kwa sababu lisipokaa katikati kabisa gari linachechemea. Nilikuwa nimeshaharibu vizibo vinne kwa mkasi alipokuja pembeni yangu.

"Dada, samahani," alisema, akauchukua msumari.

Aliushika kwa koleo, nami nikasimama karibu na ndoo ya maji huku anaupasha kwenye mshumaa. Akakichora kizibo alama mbili zinazokatana, akatoboa pale zilipokutana. Tundu moja, safi. Kisha akakata duara nne kutoka kwenye ndala iliyokatika, akazivika juu ya vizibo. "Plastiki inateleza," alieleza. "Ndala inashika." Gari lake lilivuka baraza lote, likagonga ukuta, likarudi nyuma kidogo kama gari la kweli.

Chupa nazo tulizikata, tukatengeneza vyungu vya maua na tembo. Tulizipaka rangi ya mafuta, tukabandika vipande vya khanga na unga wa kumetameta ambao niliununua kwa pesa ya vocha. Nilipiga picha nyingi. Chupa zilizobaki nilizibeba nyumbani zisubiri wiki inayofuata. Hizo ndizo 43 alizozikuta mama Jumapili.

Jumatatu jioni hodi ikapigwa. Mama ndiye aliyefungua. Mlangoni alisimama bibi mmoja mwembamba, khanga moja kiunoni na nyingine kichwani, na nyuma yake yule mvulana, macho chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja kuulizia kiroba changu."

Hakupandisha sauti. Alikaa kwenye kiti alichopewa, akaeleza. Anafagia ukumbi wa sherehe, na malipo ya kufagia ni madogo, lakini amekubaliwa aondoke na chupa. Mnunuzi anapima kwa kilo. Zile ndogo za nusu lita zinatakiwa zaidi ya sitini ndipo mzani ufike kilo moja. Kiroba kile ndicho kilichokuwa kinasubiri Jumatatu, na pesa yake ilikuwa imeshapangiwa kazi: daftari, na kiatu cha mvulana kushonwa.

"Nilimchapa," alisema. "Nilijua amekiuza akala chipsi. Analia, ananiambia mwalimu amesema tulete takataka. Nikamchapa tena, nikijua anamsingizia mwalimu."

Mvulana alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Mimi sikuwa na pa kutazama. Hakuwa amedanganya wala kuiba. Alikuwa amesikiliza somo kuliko wote, na neno langu moja ndilo lililompatia fimbo.

Nilitoa zile 43. Nikatoa na mfuko wa vitu tulivyokwisha kutengeneza, kwa sababu nilikuwa nimevichukua nikavipige picha vizuri zaidi. Bibi alivipanga sakafuni, akavikagua mmoja mmoja kama anayechambua mchele. Vipande visivyo na rangi aliviweka upande wake. Hivi mnunuzi anachukua hata vikiwa vimekatwa, mradi ni safi. Kisha akamwinua tembo. Alikuwa mzuri yule tembo, masikio ya khanga, mgongo unametameta.

"Huyu hapokelewi," alisema. "Ameshaingia rangi na gundi. Mnunuzi anamtupa."

Nilihitaji muda kidogo kulipokea hilo. Chupa ile ilikuwa safarini tayari: imeokotwa, imehesabiwa, inakwenda kupimwa na kuyeyushwa ili iwe kitu kingine. Mimi ndiye niliyeitoa safarini, nikaifanya takataka isiyofaa mtu yeyote, nikaipiga picha, nikaandika chini yake kwamba tunawafundisha watoto kurejeleza.

Nilimpa noti ya elfu tano. Aliikataa. Alipiga hesabu ya zilizoharibika, akasema hazifiki hata kilo, akataka mia tano. Nilipomsihi achukue yote, alinikazia macho. "Mimi nafanya biashara, mwalimu. Siombi." Mama akaingia ndani, akarudi na sarafu ya mia tano.

Waliondoka na giza linaingia, kiroba kichwani mwa mvulana. Nilitarajia mama aseme nilikuambia. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Babu yako alikuwa anatengeneza koroboi."

Sikuwa najua. Nilimjua babu kwa picha moja tu, amevaa koti. Mama alieleza kwamba alikuwa anazunguka na baiskeli kukusanya makopo ya maziwa, anayakata, anatengeneza kifuniko chenye kijimrija cha utambi, anaziba viungo kwa lehemu ili mafuta ya taa yasivuje, anauza gulioni. Nusu ya nyumba za kijiji zilipata mwanga kutoka mikononi mwake. Mama alisomea darasa la saba kwa mwanga huo na kwa pesa hiyo. Na shuleni walimwita mtoto wa muokota makopo.

"Ndiyo maana nilipoziona zile chupa," alisema, halafu hakumaliza.

Usiku huo nilifuta picha za tembo. Nilifikiri pia kuacha kikundi, na nisiseme uongo, wazo hilo lilinipa nafuu. Lakini watoto 22 wangefika Jumamosi wakute baraza tupu, na mmoja wao alikuwa ameshachapwa kwa ajili yangu.

Jumamosi nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Nilieleza kilichotokea na kwamba kosa lilikuwa langu. Alisikiliza akiwa ameinama, kisha akauliza, "Dada, leo tunatengeneza matairi?"

Neno takataka tuliliondoa ubaoni. Mahali pake tuliandika swali ambalo kila mtoto analiuliza kwao kabla ya kubeba kitu: hiki ni cha nani, na kinakwenda wapi? Ni ajabu jinsi swali hilo lilivyopunguza vitu, na jinsi vilivyobaki vilivyotosha. Maboksi tunayaomba dukani, baada ya muuza duka kuchagua anayoyahitaji. Ndala zilizokatika tunaziokota mtaroni, tunaziosha kwa sabuni, tunazianika. Gundi tunapika wenyewe: kikombe kimoja cha unga wa ngano unakorogwa kwanza kwa maji baridi usifanye mabonge, unaongezewa maji vikombe vinne, unakaa motoni mpaka uwe kama uji mzito. Kwa gundi hiyo na magazeti ya zamani tunatengeneza mabakuli: unapaka bakuli mafuta kwa nje, unabandika vipande vya gazeti tabaka sita, unaacha siku mbili, unalibandua. Makopo ya dawa za wadudu hatuyagusi, hata yakioshwa. Chupa tunazitumia bila kuzikata wala kuzipaka: tunazisimamisha kumi, tunaziangusha kwa mpira wa soksi, watoto wanajumlisha na kutoa, kisha zinarudi kirobani.

Na vizibo? Mnunuzi wa bibi hataki chupa zenye vizibo. Kwa hiyo bibi alikuwa anavivua kimoja kimoja na kuvimwaga. Sasa anatuwekea. Vinaingia kwa ndoo, nasi tuna matairi kuliko magari.

Niliwahi kuwasimulia watoto habari za FlipFlopi, jahazi lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyokusanywa na kuvikwa vipande vya ndala zipatazo 30,000, ambalo mwanzoni mwa mwaka 2019 lilisafiri kwa tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar. Nilitegemea waulize kuhusu bahari. Yule mvulana aliuliza kama ndala hizo ziliokotwa zikiwa jozi au za mguu mmoja mmoja. Sikuwa na jibu. Yeye alikuwa na sababu: za mguu mmoja ndizo ambazo hazina mwenyewe.

Kazi niliipata baadaye, ya mkataba mfupi, ofisini, haihusiani na watoto. Jumamosi bado naenda.

Mwezi uliopita mama alialikwa harusini. Alirudi saa saba usiku, viatu mkononi, gauni la sare bado limenyooka. Nilimfungulia mlango. Akaweka mezani ule mkoba wake mdogo wa sherehe, wa shanga, ambao kwa kawaida haubebi zaidi ya leso na simu, akaufungua na kuugeuza. Vizibo vya maji vikamwagika, vya bluu na vyeupe, vikabingirika mpaka chini ya kabati.

"Chupa nimemwachia mfagiaji," alisema.

"Mama, umeviokota ukumbini? Mbele za watu?"

"Waliniona," alijibu, huku anainama kuvifuata vya chini ya kabati. "Nikawaacha waangalie."