Kasuku akinyamaza, mzazi asipuuze
Kasuku ana maneno mengi, lakini hana neno la kusema anaumwa. Porini ndege mnyonge huwindwa kwanza, hivyo huficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishie. Ndiyo maana kwenye nyumba nyingi husikika, "Mbona jana alikuwa mzima?"

Dalili zake huwa ndogo. Aliyezoea kumwiga mama kila asubuhi ananyamaza. Manyoya yanatuna mchana kutwa kama mtu mwenye baridi. Anakaa chini ya tundu badala ya kwenye kijiti, na mkia unapanda na kushuka kila anapopumua. Kinyesi kinabadilika rangi au kinakuwa maji matupu. Hata kula kwake hudanganya, maana anaweza kudonoa mbegu asizimeze. Mizani ya jikoni haidanganyi: apimwe kila wiki na uzito uandikwe.

Mara nyingi mtoto ndiye huona kwanza, kwa kuwa ndiye anayecheza naye. Asikilizwe. Upo ugonjwa wa kasuku uitwao sitakosisi, ambao humwingia binadamu kwa kuvuta vumbi la kinyesi kikavu, ukaleta homa na kikohozi.

Kwa hiyo kasuku mgonjwa awekwe peke yake, mahali penye joto, na daktari wa mifugo atafutwe siku hiyohiyo. Watoto wasisafishe tundu. Na mtu wa nyumbani akishikwa na homa, daktari aambiwe mapema: nyumbani tunafuga kasuku.