Mtutu na Mvua ya Oregon

Nilipoanza kuwinda katika milima ya pwani ya Oregon, Marekani, bunduki karibu zote zilikuwa na kitako cha mbao na chuma cheusi kinachoelekea buluu. Mzee aliyenifundisha kazi aliupata weusi huo kutokana na kutu yenyewe. Aliupaka mtutu dawa yenye tindikali, akauacha ushike kutu, akauchemsha katika maji safi mpaka wekundu ukageuka kuwa weusi, kisha akausugua kwa sufi laini ya chuma. Halafu alianza upya, mara kadhaa. Uzuri wa mitutu ile sijauona katika bunduki mpya.

Mvua haikujali uzuri. Eneo la Tillamook hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na sisi tuliwafuata elk, kulungu wakubwa wa huko, msituni mchana kutwa. Weusi ule peke yake hauzuii kutu; nguvu yake ni kushika mafuta. Kwa hiyo jioni, hata kabla ya kuvua nguo zilizolowa, tulifuta bunduki na kuzipaka mafuta. Aliyelala bila kufanya hivyo aliamkia madoa ya kahawia.

Baadaye ikaja Cerakote, inayotengenezwa White City, katika jimbo lilelile. Ni rangi ya polima yenye seramiki, hupulizwa juu ya chuma na kuokwa. Mwanzoni tuliwapelekea mafundi bunduki zetu. Kisha kompresa na oveni zikaingia gereji za nyumbani, nami nikajifunza.

Kupuliza ni kwa dakika chache tu. Jasho humtoka mtu kwenye usafishaji, maana bunduki kongwe imekunywa mafuta miaka mingi. Naiosha kwa asetoni, naitia katika oveni ili mafuta yaliyojificha kwenye maungio yatoke, naiosha tena. Kisha naipiga kwa chembe za oksidi ya alumini, chuma kikwaruzike na rangi ipate pa kushika. Tangu hapo siigusi bila glavu. Chemba na tundu la mtutu huzibwa, kwani hata tabaka la mikroni 25 hivi huharibu vipimo. Namba ya bunduki lazima ibaki ikisomeka. Kuifuta ni kosa la jinai. Mwisho, saa mbili ndani ya oveni kwa nyuzijoto 121.

Bunduki niliyoipaka hivyo imelowa misimu mingi, na nje haina doa. Ninachosikitikia ni vijana walioacha kabisa chupa ya mafuta. Ndani ya mtutu hamna seramiki, na nimeona bunduki zinazong'aa nje huku tundu limeliwa na kutu.

Ukitaka kuifanya kazi hii nyumbani, hakikisha kwanza chemba haina risasi. Fungua milango, vaa barakoa ya kuchuja mvuke wa kemikali, na oveni hiyo usiipikie chakula kamwe.