Bone, kutoka pisini hadi kitandani

Mwambie binti wa Lubumbashi leo akuletee bone, atakuletea kile kifuko cha satini anachovaa usiku ili misuko isisuguliwe na mto. Mama yangu akitaja bone ana maana nyingine: kofia ya mpira ya kuogelea, yenye mkanda wa kufungia chini ya kidevu. Neno ni moja, tulilipokea kutoka Kifaransa cha Wabelgiji, na ndilo tunaloitia pia kofia ya sufu ya mtoto mchanga baridi ya Juni na Julai inapobana. Lakini bone ya pisini inasahaulika, na kwangu mimi kuisahau ni kusahau jinsi wanawake wa mji huu walivyoingia majini, na jinsi wengine walivyobaki ukingoni.

Ya mama ilikuwa nyeupe. Akitoka kuogelea aliisuuza kwa maji ya bomba na kuianika kivulini, kwa maana jua hupasua mpira. Ikikauka aliipaka poda ya mtoto, ndani na nje, asiache hata sehemu ya kunjo. Bila poda mpira hugandana, na siku ya kuifungua unachanika palepale ulipokunjwa. Kuivaa ilikuwa kazi ya watu wawili: yeye anashikilia mbele, kwenye paji la uso, mimi navuta nyuma hadi masikio yafunikwe. Ilimwachia alama nyekundu kwenye paji hadi jioni, naye hakuona ubaya wowote. Alijivunia bone ile.

Na alikuwa na sababu. Mji ulipoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, sehemu ambayo leo ni komuni ya Lubumbashi ilikuwa ya Wazungu. Baadaye Waafrika waliwekwa Kamalondo, ng'ambo ya eneo lililoachwa wazi makusudi ili kuwatenga. Pisini zilikuwa upande wa Wazungu, na hadi leo mtaa wa Lido-Golf una jina la mahali pa kuogelea. Babu zetu waliingia huko wakiwa watunza bustani, wapishi na madobi. Watoto wa siteni, mitaa ya Waafrika, walijifunza kuogelea katika mto Lubumbashi na Kafubu, kichwa wazi, bila kuulizwa kitu.

Baada ya uhuru milango ikafunguka, lakini sheria za pisini zilibaki zilivyokuwa. Mlinzi alisimama mlangoni: "Bila bone, hapana kuingia." Sheria hiyo ilitoka Ulaya, na pisini nyingi za umma za Ubelgiji na Ufaransa bado zinaifuata. Shabaha yake ni kuzuia nywele zinazonyonyoka zisizibe vichujio vya maji. Haikuwekwa kwa ajili ya kukinga nywele. Kofia ya mpira haizuii maji kupenya, kila aliyeivaa anajua. Ni mama zetu walioibadilishia kazi. Walipaka mafuta kwanza, wakafunga kitambaa chembamba, kisha bone juu, kwa sababu klorini hukausha mafuta ya nywele na kuziacha zikikatika. "Vala bone, mwana," mama aliniambia, "mayi ya pisini inakulaka nywele."

Kwa nywele zake fupi bone ilitosha. Mabadiliko yakaanzia kichwani. Katika miaka ya 1970, siasa ya uhalisi ya Mobutu iliwakataza wanaume suti na tai, na wanawake wigi na suruali. Nywele za uzi na misuko zikashika nafasi. Baadaye zikaja meshi, misuko mirefu ya nywele za kuongezea, na kichwa kikawa mara mbili ya kofia. Yaya yangu, mtoto wa mama mkubwa, alirudishwa mlangoni kwa sababu bone haikupita juu ya misuko yake. Alikubaliwa kukaa ukingoni tu. Alitia miguu majini mchana kutwa akitutazama, na hakujifunza kuogelea kamwe. Sikumlaumu mlinzi, alisimamia sheria aliyopewa. Nailaumu sheria ambayo haikuwahi kufikiria kichwa chake.

Kisha ikaja miaka ya 1990. Machimbo ya shaba ya Kamoto yaliporomoka mwaka 1990, na Oktoba 1991 mji wetu ukaporwa. Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilifika katikati ya miaka ya 1990 ikitoa chini ya 50,000. Pisini tuliyoizoea ilikaushwa, majani yakajaa ndani. Nani angenunua poda ya kupaka kofia? Bone ya mama iligandana kabatini. Wachache waliopata pa kuogelea walifunga sashe za plastiki kichwani.

Mwaka 2017 vijana wawili wa London walianzisha Soul Cap, kofia pana za kumeza misuko na rasta. Shirikisho la kuogelea la dunia, FINA, lilizikataa mwaka 2021, kabla ya michezo ya Tokyo, ambako Alice Dearing alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuiwakilisha Uingereza katika kuogelea kwenye Olimpiki. Septemba 2022 zikaruhusiwa. Nilipomsimulia mama alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe hata kule!" Akamtaja yaya.

Wenye pisini za Golf na klabu ya Makutano, wekeni bone pana mlangoni, hata kwa kukodisha. Na ninyi mama na matantini, kabla hamjamsuka binti mkesha wa kwenda kuogelea, muulizeni misuko gani itaingia ndani ya kofia.